Makumbusho ya Taifa la Tanzania na Mifupa ya Kale, 1934 hadi Leo

Kabla ya kuwa na kabati: 1906–1933

Mwaka 1913 nchi ya Argentina ilipitisha Sheria namba 9080, iliyotamka kwamba visukuku na mabaki ya kale yaliyomo ardhini mwake ni mali ya taifa. Mwaka huohuo mtaalamu wa miamba kutoka Berlin, Hans Reck, alikuwa Bonde la Olduvai akifungasha mifupa ya tembo, viboko na swala wa kale, pamoja na kiunzi cha binadamu, kwa safari ya Ujerumani. Hapakuwa na sheria ya kumzuia. Na hata angeambiwa aiache, hapakuwa na kabati hata moja katika nchi nzima la kuiwekea. Upande wa visukuku, Makumbusho ya Taifa la Tanzania ndiyo yaliyokuja kuziba pengo hilo, na ilichukua nusu karne kulijaza.

Waargentina nao walikwishalia kilio hicho mapema. Mwaka 1787, kando ya mto Luján, kilifukuliwa kiunzi cha mnyama mkubwa kama tembo, kikapelekwa Madrid. Mwaka 1796 mwanasayansi Mfaransa Georges Cuvier akampa jina la Megatherium: jamaa wa kale wa wale wanyama wazembe wanaoning'inia mitini Amerika ya Kusini. Charles Darwin alipofika Punta Alta mwaka 1832 naye alijaza makasha ya mifupa yakaenda Uingereza, ambako Richard Owen aliichambua. Ndipo wenyeji walipoanza kujijengea. Makumbusho ya La Plata yalifunguliwa 1888, na ndugu wawili, Florentino na Carlos Ameghino, wakagawana kazi: Carlos akizunguka jangwa la Patagonia kuanzia 1887 akikusanya, Florentino akiandika. Florentino alipitiliza. Alidai kwamba mamalia wengi, na hata binadamu, chimbuko lao ni Argentina, na dai hilo limeanguka. Lakini mifupa ilikuwa imebaki nyumbani, kwa hiyo waliokuja nyuma yake waliweza kuifungua droo, kuipima upya na kumsahihisha. Hiyo ndiyo kazi ya makumbusho ambayo watu huisahau wanapoona vioo na taa.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, mifupa mikubwa iliripotiwa 1906, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulitoa zaidi ya tani 200 za visukuku. Usimamizi wa wafanyakazi uwanjani ulikuwa mikononi mwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa vichwani na mabegani na mamia ya wapagazi hadi bandari ya Lindi. Dunia inayakumbuka madinosaria yaliyosimamishwa Berlin. Wachache wanajua kwamba katika mzigo uleule kulikuwa na kitaya kidogo cha mamalia, kilichopewa jina la Brancatherulum mwaka 1927. Olduvai nako mlango ulifunguliwa 1911 na daktari Wilhelm Kattwinkel, aliyekuja kuchunguza ugonjwa wa malale akaondoka na meno ya farasi wa kale mwenye kwato tatu.

Kuanzishwa na miaka ya mwanzo: 1934–1960

Makumbusho yalianzishwa 1934 chini ya gavana Sir Harold MacMichael, yakafunguliwa kwa umma 1940 jijini Dar es Salaam, katika mtaa ambao leo unaitwa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Yalijengwa kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na mojawapo ya magari yake bado limo ndani. Msukumo wa awali ulikuwa wa kikoloni bila kificho: kuonyesha nchi inayotawaliwa, vitu vyake na watu wake. Visukuku havikuwa kipaumbele.

Kwa sababu hiyo, kwa takriban miaka 25 tangu kuanzishwa, mifupa iliendelea kupita pembeni ya taasisi hii. Louis Leakey alirudi Olduvai 1931 pamoja na Reck mwenyewe; vilivyopatikana vikaelekea Nairobi na London. Mwaka 1935 timu yake iliokota jino huko Laetoli. Mwaka 1939 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipata hapohapo kipande cha taya la juu la zamadamu, nacho kikaenda Ujerumani. Si haki kulaumu ubaya wa moyo katika kila safari hizo. Kisukuku kinahitaji maabara, gundi, mtu wa kukisafisha na mtu wa kukilinganisha na mifupa ya wanyama wa leo. Nairobi walikuwa na vyote hivyo katika Makumbusho ya Coryndon. Dar es Salaam hawakuwa navyo.

Hatua iliyobadili mizani ilikuwa ya kiutawala. Mwaka 1957 iliundwa Idara ya Mambo ya Kale, na mhifadhi wake wa kwanza akawa Neville Chittick, ambaye nguvu zake nyingi zilikwenda Kilwa na pwani. Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona meno mawili makubwa yakichungulia kwenye mteremko wa Olduvai. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, na vipimo vya 1961 viliupa udongo wake umri wa miaka milioni 1.75.

Uhuru na kurejea kwa Zinj: 1961–1979

Taifa jipya lilifanya mambo mawili ya msingi. La kwanza ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Sheria hiyo inavitaja visukuku vya binadamu, wanyama wenye uti wa mgongo na mimea, na inadai kibali kabla ya kuchimba na kabla ya kuvitoa nje ya nchi. Argentina ilitangulia kwa miaka 51.

La pili ni la 1965. Fuvu la Zinj, lililokuwa limekaa nje kwa uchunguzi, lilirudishwa Tanzania na kuwekwa Makumbusho ya Taifa. Tangu hapo taasisi ilikuwa na sababu ya kuwa na chumba chenye mlango wa chuma. Kikaja na kingine: taya la Peninj, lililookotwa na Kamoya Kimeu karibu na Ziwa Natron mwaka 1964, vipande vya Homo habilis kutoka Olduvai, na taya la Laetoli la mwaka 1974, linalojulikana kwa namba LH 4, ambalo mwaka 1978 lilichaguliwa kuwa kielelezo rasmi cha spishi ya Australopithecus afarensis. Mtafiti yeyote duniani anayetaka kubishana kuhusu spishi hiyo, ambamo yumo pia Lucy, kisukuku maarufu cha Ethiopia, hana budi kurejea kielelezo hiki kilichopo Dar es Salaam.

Mwaka huo wa 1978, hukohuko Laetoli, zilionekana nyayo za zamadamu waliotembea wima juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Wanahabari waliandika juu ya nyayo za watu. Lakini nyayo za wanyama ndizo zilizotangulia kuonekana, mwaka 1976: tembo, twiga, vifaru, sungura, kanga. Majivu yale ni daftari la mahudhurio la mbuga nzima.

Wakati huohuo taasisi ilikuwa inatanuka kwa upande wa utamaduni na siasa. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na Makumbusho ya Azimio la Arusha yakafunguliwa 1977.

Sheria mpya, matawi mapya: 1980–2000

Sheria namba 7 ya 1980 iliyafanya Makumbusho ya Taifa kuwa shirika la umma lenye bodi na Mkurugenzi Mkuu. Kwa mtu wa nje hili ni karatasi tu. Kwa wahifadhi lilimaanisha bajeti yenye jina lao na mtu wa kuulizwa. Uongozi wa kipindi hicho ulikuwa na bahati ya kuwa na mwanaakiolojia, Prof. Fidelis Masao, mtu wa michoro ya mapangoni ambaye tutakutana naye tena. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia, na kwa mara ya kwanza makumbusho yakawa na mahali pa kupata wataalamu bila kusubiri ndege kutoka Ulaya.

Mwaka 1987 yalifunguliwa Makumbusho ya Elimu Viumbe katika Boma la Arusha, jengo la Wajerumani la mwaka 1900. Ni tawi ambalo msomaji wa visukuku analihitaji kuliko anavyodhani. Huwezi kumjua mnyama aliyekufa miaka milioni moja iliyopita kama humjui aliye hai.

Mfano ni jino la tembo. Gego la tembo si kipande kimoja. Ni safu ya mabamba membamba ya enameli yaliyosimama wima na kuunganishwa kwa saruji ya jino, kama vitabu kwenye rafu. Kwa tembo wa kale aliyepewa jina la Reck, ambaye mifupa yake imejaa Olduvai na maeneo mengi ya Afrika Mashariki, mabamba hayo yaliongezeka na jino likarefuka kwenda juu kadiri miaka ilivyosonga, kwa kuwa alikula nyasi zaidi na nyasi husaga meno. Basi mhifadhi anayajua matabaka kwa kuhesabu mabamba na kupima kimo chake. Kiboko naye, gego lake likishasagika, enameli huacha alama ya jani lenye sehemu tatu, na alama hiyo ni ileile kwa kiboko wa Olduvai na kwa hawa wanaopanda usiku kula nyasi kando ya Ziwa Victoria pale Chato. Nguruwe hufuata mkondo kama wa tembo, magego yao yakirefuka kizazi kwa kizazi, na mara kadhaa nguruwe ndio waliowasuluhisha wanasayansi waliokuwa wakigombana kuhusu umri wa zamadamu.

Tawi la Kanda ya Ziwa lilikuja 1999: Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama. Hayana visukuku, ni ya maisha ya Mwalimu. Hata hivyo kwa shule za Chato, Geita na Sengerema ndilo tawi la karibu kuliko yote, na tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, safari hiyo haisubiri tena kivuko.

Nusu ya pili ya hadithi: kuanzia 2001

Hadi hapa, ukiacha Tendaguru, mtu angedhani visukuku vya Tanzania ni Olduvai na Laetoli tu, na miaka milioni nne tu. Miaka 20 iliyofuata iliivunja dhana hiyo.

Kwanza Mahenge, si ile ya Morogoro bali ya uwanda wa Singida. Hapa ndipo mkoa wa Shinyanga unapoingia. Baada ya John Williamson kugundua almasi Mwadui mwaka 1940, wanajiolojia waliendelea kutafuta kimberlaiti nyingine kusini mwake. Mmoja wao, George Mannard, alizichunguza zile za Singida. Kule Mahenge kulikuwa na shimo la mlipuko lililogeuka ziwa dogo, likajaa matope laini tabaka juu ya tabaka, yapata miaka milioni 46 iliyopita. Samaki wake walianza kuelezwa kisayansi mwaka 1960. Mwaka 2003 ikawa zamu ya mamalia: kundi la watafiti, Watanzania wakiwemo, lilimtangaza popo aliyepatikana humo na kumwita Tanzanycteris mannardi, kwa heshima ya mwanajiolojia yule. Ni miongoni mwa mamalia wa kondo wa kale kabisa kujulikana kusini mwa Sahara. Sehemu ya sikio lake la ndani ni kubwa, dalili kwamba tayari alikuwa akiwinda gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake.

Pili, Bonde la Rukwa, ambako mradi wa pamoja wa watafiti wa Kitanzania na wa kigeni umefanya kazi tangu mwaka 2002 chini ya vibali vya Mambo ya Kale, na namba za vielelezo vyake zimesajiliwa Dar es Salaam. Mwaka 2010 ilitangazwa Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo mwenye meno yanayofanana na ya mamalia, aliyepewa jina la Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2013 wakaja Rukwapithecus na Nsungwepithecus, wa miaka milioni 25, ushahidi wa kale kabisa wa mgawanyiko kati ya masokwe na nyani wa dunia ya kale.

Nami nawapenda zaidi wawili ambao hawakupewa vichwa vya habari. Galulatherium, aliyetangazwa kwa jina hilo 2019, ni taya tu la mamalia aliyeishi zama za madinosaria, lenye meno kama vigingi yasiyo na enameli na yasiyokoma kuota. Wataalamu wanamhusisha, kwa tahadhari, na kundi ambalo lilijulikana kwanza kutoka Patagonia, ambako mmoja wao anaitwa Sudamerica ameghinoi, kwa heshima ya Ameghino yule. Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa bara moja kabla ya Atlantiki kufunguka, na taya hili la Songwe lina mazungumzo na droo za Argentina. Mwingine ni Kahawamys mbeyaensis wa 2009, mgugunaji wa ukoo wa ndezi. Jamaa wa mbali wa ukoo huo walivuka bahari, pengine juu ya magogo na vichaka vilivyong'olewa na mafuriko, wakafika Amerika ya Kusini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita na kuzaa ukoo wa simbilisi. Simbilisi wanaofugwa leo jikoni Njombe wamerudi kwa meli walikotoka babu zao.

Tatu, Laetoli tena. Mwaka 2015, mashimo ya majaribio yalipochimbwa ili kujua kama jengo la makumbusho lingeweza kusimama pale bila kuharibu kitu, yaliangukia nyayo nyingine za zamadamu. Taarifa ya kisayansi ya 2016 iliongozwa na Prof. Masao, safari hii akiwa mwanazuoni wa Dar es Salaam. Jina la kwanza katika orodha ya waandishi lilikuwa la Mtanzania, jambo ambalo Reck asingeweza kulifikiria. Mwaka 2017 makumbusho mapya ya Olduvai yalifunguliwa ukingoni mwa bonde, chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Katika Makumbusho ya Taifa, uongozi wa miaka hii umepitia kwa mwanaakiolojia mwingine, Prof. Audax Mabulla, na baadaye Dkt. Noel Lwoga.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Hatua |
|---|---|
| 1909–1913 | Visukuku vya Tendaguru na Olduvai vyapelekwa Berlin |
| 1934 | Makumbusho yaanzishwa Dar es Salaam |
| 1940 | Yafunguliwa kwa umma |
| 1957 | Idara ya Mambo ya Kale yaundwa |
| 1959 | Fuvu la Zinj lapatikana Olduvai |
| 1964 | Sheria ya Mambo ya Kale |
| 1965 | Zinj larejeshwa Tanzania |
| 1978 | Nyayo za zamadamu Laetoli. LH 4 lawa kielelezo cha spishi |
| 1980 | Sheria ya Makumbusho ya Taifa |
| 1987 | Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha |
| 1999 | Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama |
| 2003 | Popo wa Mahenge, Singida, atangazwa |
| 2013 | Rukwapithecus na Nsungwepithecus |
| 2016 | Nyayo mpya za Laetoli zatangazwa |

Deni la Kanda ya Ziwa

Katika jedwali hilo hakuna Chato, wala Geita. Sababu ya kwanza ni ya haki kabisa: miamba yenye dhahabu ya ukanda huu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoundwa hapakuwa na mnyama popote duniani. Mchimbaji anayeshuka kwenye duara hatakuta kisukuku cha mamalia ndani ya mwamba anaoupeleka kwenye karasha, hata achimbe mpaka kesho.

Sababu ya pili si ya haki. Juu ya mwamba ule kuna udongo, changarawe za mito iliyokauka na matope ya ziwa, na hivyo ni vya juzi. Ziwa Victoria lenyewe lina umri wa miaka 400,000 hivi tu, na limewahi kukauka na kuwa nyika. Upande wa Kenya, kisiwani Rusinga, matabaka ya namna hiyo yametoa Rusingoryx, jamaa wa nyumbu mwenye pua yenye mrija wa mfupa kama tarumbeta, aliyekula nyasi katika mbuga zilizoenea pale ambapo leo kuna maji na sangara. Kisiwa hichohicho kilimpa Mary Leakey fuvu la Proconsul mwaka 1948. Ziwa ni moja. Upande wetu wa kusini magharibi haujatafutwa kwa bidii ile, na udongo wa juu wa maduara humwagwa pembeni bila mtu kuutazama.

Popo wa Mahenge hakutafutwa na mtaalamu wa popo. Alifikiwa kwa sababu watu walitafuta almasi. Daktari wa malale ndiye aliyeifungua Olduvai. Kwa hiyo rai ya miaka hii 90 iende kwa wachimbaji wadogo, wachimba visima, wafyatua matofali na wavuvi wa Chato. Ukikuta mfupa au jino lililogeuka jiwe, usilioshe, usiligonge, usilibandike kwa gundi ya dukani. Weka alama mahali lilipotoka na kumbuka kina chake, kwa maana mfupa usiojulikana ulikotoka umepoteza nusu ya thamani yake. Piga picha pamoja na kitu cha kulinganishia ukubwa, kama kalamu. Kisha mjulishe Afisa Utamaduni wa Halmashauri. Kwa mujibu wa Sheria ya 1964 mali hiyo ni ya taifa na taarifa ni wajibu, na sasa, tofauti na mwaka 1913, kabati lipo.